Jibu: Radi za usiku, tuwaamsheje watu?

Ndugu, umeuliza mtaa ujiandae vipi utabiri ukisema huenda mvua kubwa ya radi ikashuka usiku wa manane. Shida ya usiku ni usingizi. Tahadhari inatumwa saa nane, simu imezimwa sauti iko chini ya mto, nani ataisoma? Anzeni na zamu: watu wawili macho, simu zimejaa chaji, kila mmoja na orodha ya nyumba za kugonga, wazee na wenye watoto wachanga wakiwa juu kabisa. Umeme ukikatika, filimbi inasaidia kuliko mnavyodhani.

Kabla ya giza zibueni mitaro, chomoeni vifaa vya umeme, ingizeni ndani mabati na ndoo. Tochi na viatu vikae kando ya kitanda. Kioo kikivunjika gizani utanielewa.

Mkiona mwanga, hesabuni hadi ngurumo: kila sekunde 3 ni kama kilomita 1. Sekunde zikiwa chini ya 30, hakuna kutoka nje, hata mwenye zamu, mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ndiyo maana milango igongwe mapema. Na maji yanayokimbia barabarani msiyavuke; sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima.