Shangazi, akiba ya nyumba imeishia kwenye hisa za senti

*Shangazi, nina miaka 34, nina mke na watoto wawili. Rafiki yangu aliniingiza kwenye kundi la simu wanapopeana habari za hisa za bei chee. Nilinunua kidogo za kampuni moja ya madini kwa senti 8. Wiki mbili baadaye zilikuwa senti 21, nikachota akiba yote ya nyumba nikaongeza. Zilipoanza kushuka nikataka kuuza, oda ikakaa kutwa nzima bila mnunuzi. Nikaongeza tena ili kushusha wastani wa bei niliyonunulia, ukawa senti 16. Leo ziko senti 2. Nilipouliza kundini kulikoni, nikaondolewa. Mke wangu hajui lolote. Rafiki anasema kuna hisa nyingine iko mbioni kupanda, nikope nirudishe hela yangu. Silali. Nifanye nini?*
*Msiri*

Mwanangu Msiri,

Usikope. Nimeanza na hilo maana nakuhofia: ukisoma mistari miwili tu unaweza kuiacha barua hii ukarudi kwa rafiki yako.

Hiyo habari ya kuondolewa kundini nimeisoma mara tatu. Walioitaja ile hisa kwa senti 8 walikuwa wameshajaza magunia yao kwa bei ya chini zaidi. Kelele zikavuta watu, watu wakapandisha bei, na ilipofika 21 wao walikuwa wanauza. Waliuza kwa nani? Kwako. Mchezo huu ni wa zamani. Huko Marekani, kampuni ya Jordan Belfort, Stratton Oakmont, iliucheza kwa kupigia watu simu majumbani. Belfort alikiri makosa mahakamani mwaka 1999. Siku hizi hawana haja hata ya kupiga simu, mnajileta wenyewe kundini.

Lakini hata pasingekuwa na matapeli, hisa za namna hii zina mitego yake. Fungua programu yako sasa hivi utazame. Upande mmoja mnunuzi anatoa senti 2, upande wa pili muuzaji anataka 3. Ukinunua kwa 3 na kugeuka papo hapo kuuza, theluthi ya hela imekwenda, na kampuni yenyewe haijafanya kosa lolote. Tena nyingi ya kampuni hizi hazina mapato ya maana. Zinaishi kwa kutoa hisa mpya kila zikiishiwa, na kila zinapotoa, kipande chako kinazidi kuwa chembamba. Senti 8 haikuwa bei rahisi, mwanangu. Ilikuwa namba ndogo tu.

Hesabu ya kurudisha nayo inadanganya. Kutoka 16 hadi 2 umepoteza asilimia 87.5. Ili urudi ulipokuwa, hisa hiyo inatakiwa ipande mara nane. Ndiyo maana rafiki yako anakutajia hisa nyingine. Naye sidhani ni mwizi. Nadhani amezama kama wewe na anatafuta mwenzake wa kuzama naye.

Zilizobaki uza, kama mnunuzi yupo, hata kwa hizo 2. Najua inauma. Mimi niliwahi kukaa na hisa kama hizo miaka mitatu, si kwa matumaini, ila kwa sababu nisipouza naweza kuendelea kusema "bado sijapata hasara". Zilipofutwa sokoni nilijisikia nafuu, hebu fikiria.

Tuje nyumbani, maana barua yako ni ya huko zaidi kuliko sokoni. Mara ya kwanza ulitiwa tamaa, na hilo humkuta mtu yeyote. Mara ya pili, ile ya kushusha wastani, uliongeza hela ili usilazimike kumwambia mkeo. Mkopo ungekuwa mara ya tatu ya jambo hilohilo.

Mwambie wiki hii, watoto wakishalala, wala usianze na maneno ya "mambo yameyumba kidogo". Mwekee taarifa ya akaunti mezani. Mpe na nywila, aangalie mwenyewe wakati wowote anaotaka. Rafiki yako usimtaje kama ngao. Atakasirika, pengine atanyamaza siku kadhaa. Mwache anyamaze, usimfuate na ahadi. Mkija kukubaliana siku moja kuwekeza tena, hayo mtayapanga wawili.

Jambo moja kabla sijasahau: atajitokeza mtu kukuahidi kwamba anaweza kuzirudisha hela zako ukitanguliza ada kidogo. Majina ya waliopigwa huuzwa kama bidhaa. Mfungie namba.

Na mkeo akiuliza ni kiasi gani, usimpe makadirio. Taja tarakimu yote, pamoja na ile uliyoongeza bei ilipokuwa inashuka.

Shangazi