DVD za nyumbani: zipi zibaki, zipi ziende

Ukikuta rundo la DVD kabatini, usijiulize kama unazipenda. Utaishia kukaa sakafuni jioni nzima ukisoma makava, kisha unazirudisha zote zilipokuwa. Jiulize hivi: hii ikipotea leo, nitaipata kwingine? Ndivyo nilivyochambua za nyumbani kwetu Mwanga, hapa Kigoma mjini, baada ya mzee kufariki na kutuachia kabati zima.

Muvi za Marekani na za Kihindi hazikunisumbua. Nyingi zilikuwa zile za kumi kwenye diski moja, zilizobanwa mpaka sura za watu zinakuwa vipande vya mraba. Hizo ziliondoka bila kikao. Wala usihangaike kutafuta mnunuzi, kijana wa leo anajaziwa muvi kwenye flashi na deki hana. Mpe bure mwenye deki. Zilizokwaruzika alizichukua jirani mwenye shamba la mpunga, anazitundika kwenye kamba ziwe zinametameta, ndege wanaogopa kutua. Usizichome moto uani tu, ile ni plastiki na moshi wake haufai kuvutwa.

Bongo Movie ni habari nyingine. Mwigizaji Steven Kanumba alifariki Aprili 2012, na filamu za miaka ile zilitufikia kwa DVD. Baadhi leo ziko YouTube, baadhi utakuta kipande tu. Tafuta jina moja moja kabla ya kugawa. Na zile zilizotafsiriwa na ma-DJ mimi sitoi hata moja. Muvi yenyewe ipo kila mahali, lakini yule bwana anayemsemea mhalifu wa Hong Kong kwa Kiswahili cha Kariakoo hutampata tena kirahisi.

Kazi kubwa iko kwenye DVD za familia: harusi, kipaimara, maulidi, msiba. Nilimuuliza mama tufanyeje.

"Za harusi usiniguse, mwanangu. Baba yako yumo humo anacheza. Hizo za wazungu fanya utakavyo."

Nikamwambia kuziacha kabatini si kuzitunza. Diski ya kiwandani picha zake zimegongwa ndani ya plastiki na kufunikwa kwa alumini. Ile ya mpiga video wa harusi imechomwa kwa leza kwenye tabaka la rangi, na rangi hiyo hufa taratibu kwa joto na mwanga. Igeuze uione: ya kuchoma mara nyingi ina rangi ya zambarau, ya kiwandani inang'aa kama fedha. Isitoshe, DVD ni visahani viwili vyembamba vilivyogandishwa kwa gundi, na unyevu wa masika huku ziwani hauipendi gundi. Kwa hiyo kinachoonekana hakina thamani sokoni ndicho cha kuhamisha kwanza, tena mwaka huu.

Laptopu nyingi mpya hazina mahali pa kuingiza DVD. Azima kisomeo cha nje cha USB, au nenda steshenari yenye kompyuta ya zamani. Usiwaachie diski uondoke, kaa hapo hapo. Kwa diski ya harusi, ambayo kwa kawaida haina kufuli la kuzuia kunakili, nakili folda nzima ya VIDEO_TS, ndimo video yenyewe ilimo, kama ilivyo. Ukiona mafaili ya VOB, yaani vipande vya video, yamekatwa yasizidi gigabaiti moja moja, usishtuke, ndivyo DVD ilivyopangwa. Diski ya kawaida haizidi gigabaiti 4.7, hivyo diski ngumu ya gigabaiti 500 inabeba karibu mia. DVD ikigoma kusomeka, ipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda pembeni, si kwa kuzungusha, halafu jaribu kwenye mashine nyingine. Kuna diski ya kipaimara cha dada yangu iliyokataa laptopu mbili ikakubali kwenye kompyuta kuukuu ya ofisini.

Fungua kila nakala uitazame mwanzo, katikati na mwisho kabla hujasema umemaliza. Kisha nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Ya kwetu iko kwa kaka Kasulu, maana nyumba ikiungua au ikiibiwa vinakwenda vyote.

Diski asili za familia tumebaki nazo, zimesimamishwa wima kwenye kasha lenye mfuniko, mbali na dirisha na mbali na bati. Za muvi tulizobaki nazo tulizitoa kwenye makasha ya plastiki tukazipanga kwenye albamu ya mifuko, kila moja na kava lake. Kabati zima likawa mkoba mmoja.

Deki usiigawe mapema. Watu wanakimbilia kuitoa kwa kuwa ndiyo inayokula nafasi mezani, kisha wanabaki na diski wasizoweza kuzijaribu. Ya kwetu itaondoka diski ya mwisho ikishahamishwa, na shemeji wa Ujiji ameshaiwekea nafasi.