Molasi ya viazisukari haiwezi kushika nafasi ya jiwe la kulamba

Mkuu uliyeko Uyole, umeuliza kama jedwali la lishe ulilolipata kutoka Ujerumani, linaloonyesha molasi (ule uji mzito mweusi unaobaki sukari ikishatolewa) ina madini mengi, linatosha kukufanya uache kununua jiwe la madini la kulambwa na ng'ombe. Usiache. Kwanza jedwali hilo ni la molasi ya viazisukari, mizizi inayolimwa Ulaya kwa ajili ya sukari. Hii tunayonunua huku kwa madumu inatoka Kilombero, ni ya miwa. Kwa macho zinafanana, madini ni mbalimbali.

Ya viazisukari majivu yake (madini yanayobaki ikichomwa) ni kama asilimia 10, na humo potasiamu ndiyo mwenye nyumba: karibu asilimia 4 ya molasi yote. Inafuata sodiamu, nyingi kuliko ya miwa, maana asili ya kiazi hicho ni mmea wa pwani na chumvi haiogopi. Kalsiamu ni kidogo. Fosforasi ndiyo usiseme, haifiki hata asilimia 0.1.

Sababu iko kiwandani. Maji ya viazi hutiwa chokaa, kisha hupulizwa hewa ya kaboni dioksaidi. Chokaa inaganda, inazama na uchafu, na inaondoka na fosfati (ndiyo fosforasi yenyewe) pamoja na magnesiamu. Potasiamu na sodiamu hazigandi. Kadiri sukari inavyotolewa ndivyo zinavyokolea, tena zinaizuia sukari iliyobaki isigeuke chembe. Ndiyo maana karibu nusu ya molasi bado ni sukari tupu.

Ya miwa ina kalsiamu na magnesiamu zaidi, lakini fosforasi nayo ni haba. Kilo moja ya pumba za mahindi inaishinda kilo kadhaa za molasi. Mimi huku Tukuyu molasi naizimua kwa maji na kunyunyizia mabua kiangazi ili ng'ombe wasichague, basi. Madini yanatoka kwenye jiwe na pumba.

Masika ndiyo naipunguza kabisa. Majani machanga yana potasiamu nyingi, ukiongeza na ya molasi inazuia magnesiamu isifyonzwe tumboni. Ng'ombe aliyezaa karibuni anaweza kuanza kutetemeka na kuanguka, na hapo ni kumwita daktari wa mifugo haraka, siyo kusubiri kesho. (Kinyesi kulainika ni jambo dogo, ukipunguza molasi kinarudi.)

Weka hapa picha ya lebo ya jiwe lako tuangalie fosforasi yake. Mengine madukani ni chumvi na rangi tu.