Mwaka mzima nilikuwa "mama keki", hadi tulipokwenda msibani Kondoa

Mdogo wangu, umeandika kwamba una digrii ya rasilimali watu, una miezi saba kwenye kampuni hapa Dodoma, na mpaka sasa umeshughulika na keki za birthday, fulana za Mei Mosi na kutafuta MC wa sherehe ya kufunga mwaka. Unauliza uache kazi. Subiri kwanza.

Mwaka 2019 nilikuwa kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti upande wa Kizota. Bosi aliniita "mama keki", tena mbele ya wageni. Mikataba ilikaa kwa mhasibu, mishahara kwa mhasibu, na kuajiri alifanya msimamizi wa zamu, akiokota mpwa wake au jirani. Mimi nilibakiwa na mbuzi wa bonanza.

Msimu ulipoanza, Juni, tukawa tunakamua mchana na usiku. Waendesha mashine wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Bosi akasema vijana wa siku hizi hawana uvumilivu, akaniagiza niandae nyama choma ya kuwatia moyo. Nikaandaa. Wiki iliyofuata wakaondoka wengine wawili, wameshiba.

Jibu nililipata msibani. Fundi wetu alifiwa na mama yake huko Kondoa, na kama kawaida nikapewa kazi ya kukusanya rambirambi na kukodi Coaster. Njiani, hakuna msimamizi ndani ya gari, watu wakafunguka. Zamu ya jioni inatoka saa 5 usiku, daladala zimeshalala. Anayekaa Veyula analipa bodaboda 4,000 kila usiku. Kwa siku 26 za kazi ni 104,000. Na ile nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaidai, hakuna aliyewahi kuiona kwenye hati yake ya mshahara.

Niliporudi sikwenda kwa bosi kulalamika. Nilifungua daftari la mahudhurio. Kati ya waendesha mashine 14, 9 walikuwa wameondoka tangu Juni, na 7 kati yao ni wa zamu ya jioni. Mgeni anahitaji kama wiki tatu kabla ya kuachiwa mashine peke yake. Fundi mkuu akanipa saa ambazo mashine zilisimama kwa kukosa mtu. Nikaweka yote kwenye karatasi moja, na chini yake bei ya kukodi Hiace ya usiku, 60,000 kwa siku. Mashine moja ikisimama kutwa ilikula fedha kuliko Hiace ya wiki nzima.

Bosi alisoma mara mbili, akamwita mhasibu. Hiace ikaanza Jumatatu. Nyongeza ya usiku ilichelewa mwezi mwingine, na mhasibu nadhani hajanisamehe hadi leo. Msimu uliofuata waliondoka wawili tu, mmoja kwa sababu aliolewa Manyoni.

Wapo watakaokushauri ugome kununua keki. Sikubaliani nao. Utaonekana una maringo, na utakosa sehemu ambako watu wanasema ukweli. Bonanza wape kamati, kila ofisi ina mtu anayependa kushika maikrofoni. Misiba nenda mwenyewe.

Kesho omba faili la mikataba. Tazama ipi imeisha na mwenyewe bado yuko kazini, nani hajachukua likizo yake ya siku 28, michango ya NSSF inafika au inaishia kwenye karatasi. Mtu akiachishwa kienyeji ana siku 30 za kwenda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, na wito wake ukifika ofisini ndipo utakapoulizwa faili liko wapi.

Wakikunyima faili hata ukiomba kwa maandishi, hapo rudi tuzungumze habari ya kuacha kazi. Na fulana za Mei Mosi agiza mapema, Aprili wachapaji wote mjini wamejaa.