Barua kwa mwanangu kuhusu kuchora pamoja na wenzako

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Bombo. Sisi sote hatujambo, na bibi yako anakusalimu sana. Barua yako nimeipata. Umesema kwamba wenzako wamekodi chumba huko Kampala ambamo kila mmoja atachora kazi yake mwenyewe, nao wanataka ujiunge nao, lakini wewe unahofia kwamba ukikaa karibu na wachoraji wengine utaanza kuiga mkono wao na kuupoteza wako, tena muda wako utaishia katika mazungumzo. Umeniuliza kama kuna faida ya kweli. Naamini ipo, tena ni kubwa.

Unapochora peke yako, kazi za wengine unaziona zikiwa zimekwisha kukamilika na kutundikwa ukutani, makosa yote yamefunikwa. Ukiketi kando ya mwenzako unamwona anavyochanganya rangi, anavyosita, anavyokwangua sehemu aliyoihangaikia tangu asubuhi na kuianza upya, na hapo unajifunza mambo ambayo yeye mwenyewe, hata ungemwuliza, asingeweza kukueleza. Mimi kusuka ukili wa mikeka nilifundishwa na bibi yako, lakini kuukaza bila kuvunja miyaa nilijifunza kwa kukaa jamvi moja na jirani yetu na kutazama mikono yake: huilowesha miyaa kidogo kidogo kila anapoongeza jani jipya, na kidole gumba chake cha kushoto hakiondoki juu ya msuko hata anapogeuka kumwitikia mtu salamu. Hajawahi kunipa somo, na sidhani kama anajua kwamba kidole chake hufanya hivyo.

Ipo pia sanaa ambayo mtu mmoja hawezi kuifanya kabisa, na hapa kwetu Uganda tumejaliwa nayo. Katika amadinda, yale marimba ya mbao ya Baganda, wapigaji wawili huketi wakitazamana, pigo la mmoja likiingia katika nafasi iliyoachwa na mwenzake, na mpigaji wa tatu akiongeza sauti zake mbili tu. Wimbo unaousikia hakuna kati yao anayeupiga peke yake. Bigwala, yale mabaragumu ya vibuyu ya Busoga, yana sharti kali zaidi, kwa sababu kila baragumu hutoa sauti moja tu, na wapulizaji wakipungua, wimbo wenyewe unatoboka. Mwaka 2012 UNESCO iliingiza bigwala katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wazee wanaoujua walikuwa wamebaki wachache. Picha yako, najua, unaweza kuimaliza peke yako. Lakini sikio wanalolipata wapigaji hao, la kuifanya sehemu yako huku ukiifuata ya mwenzako, hulipati ukiwa umejifungia chumbani.

Kuhusu kuiga, wakumbuke wale wa Makerere. Margaret Trowell alianza kufundisha sanaa huko mwaka 1937, na waliopita mikononi mwake ni pamoja na Gregory Maloba kutoka Kenya na Sam Ntiro kutoka Tanganyika. Maloba akawa mchongaji, na sanamu ya Uhuru unayoipita hapo Kampala, ya mwaka 1962, ni kazi yake. Ntiro akachora maisha ya vijijini kwao Kilimanjaro. Walilelewa katika shule moja, na hakuna anayeweza kuichanganya kazi ya mmoja na ya mwingine. Mwanzoni utaiga kidogo, hilo silikatai, lakini ukiona kwa macho yako jinsi mwenzako anavyoupaka mwanga, ndipo utakapotambua kwamba wewe huupaka kwa namna nyingine, na utaanza kuifanya namna hiyo kwa kukusudia.

Mazungumzo yasikutishe. Watu wenye kazi mikononi huongea, kisha hunyamaza wenyewe.

Nenda basi, tena usisubiri mpaka uwe na picha ya kujivunia. Peleka ile ya soko uliyosema imekushinda, iweke mahali wanapoweza kuiona, kisha keti uendelee nayo. Mchango wa kodi ya mwezi wa kwanza nitakutumia mimi kwa simu mara tu mikeka ya wateja wangu itakapochukuliwa.

Ni mimi mama yako.