Masizi kwenye injini ya Carina Ti: kipi kisafishwe nyumbani, kipi kiachwe

SWALI

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Soweto hapa Moshi, na ninatumia Toyota Carina Ti ya mwaka 1998, injini 5A-FE, gia otomatiki. Siku nyingi gari linatoka nyumbani kwenda shuleni, kama kilomita tatu, na kurudi. Mara mojamoja hupanda nalo Marangu kwa wazazi. Siku hizi linakosa sailensa asubuhi, yaani injini haitulii ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, inatoa mlio wa kugonga likipanda mlima, na ekzosi inatoa moshi mweusi. Fundi wa mtaani alifungua plagi, akanionyesha zilivyojaa masizi, akasema injini imejaa kaboni. Ananishauri tumwage maji kidogo kidogo kwenye mpira wa hewa wakati injini inaunguruma. Jirani yangu naye anasema nijaze dizeli kwenye matundu ya plagi na kuiacha usiku kucha. Je, njia ipi ni salama, na je, naweza kuifanya kazi hii mwenyewe nyumbani?

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Sehemu kubwa ya kazi hii unaweza kuifanya mwenyewe uani kwako, ila si kwa njia hizo mbili. Kabla sijaeleza kwa nini, nakuomba ufanye uchunguzi mmoja usiogharimu chochote zaidi ya mafuta ya safari. Siku utakayopata nafasi, endesha kwa nusu saa hivi kwenye lami kuelekea Himo, kwa mwendo wa kawaida, na uwe unautazama mshale wa joto kwenye dashibodi. Mshale ukipanda hadi karibu na katikati na kutulia hapo, ni vizuri. Ukibaki chini, au ukawa unapanda unaposimama na kushuka tena gari linapochanganya mwendo, basi nina shaka kubwa kwamba themostati ya gari lako iliondolewa na fundi fulani zamani, na huko ndiko masizi yako yanakotoka.

Tabia ya kuondoa themostati imeenea mno katika gereji zetu, na sababu yake inaeleweka: gari lilichemsha siku moja, fundi akakitoa kile kifaa kidogo kinachozuia maji ya rejeta yasipite kabla injini haijapata moto, mshale ukashuka, mwenye gari akashukuru na kulipa. Lakini injini ya petroli imeundwa kufanya kazi maji yake yakiwa na joto la nyuzi 80 hadi 90 hivi, na themostati nyingi za Toyota za miaka hiyo huanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Kompyuta ya injini husoma joto hilo kupitia sensa ya maji, na kila inapoona maji ni ya baridi huongeza petroli, kama vile choki ilivyofanya kwenye magari ya kabureta, kile kifaa cha zamani cha kuchanganya petroli na hewa. Petroli hiyo ya ziada haigeuki mvuke vizuri ndani ya silinda zenye baridi. Sehemu yake huungua nusunusu na kuacha masizi kwenye plagi, juu ya pistoni na kwenye valvu, na sehemu nyingine huchuruzika ukutani mwa silinda na kuingia kwenye oili. Ongeza hapo safari zako za kilomita tatu, ambazo hata gari lenye themostati nzima halipati moto wa kutosha, hasa asubuhi za Juni na Julai. Wenzetu wa Arusha, walio kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, wanayajua haya zaidi, na wale wenye magari ya kabureta huko huongezewa tatizo la pili: hewa ya juu ni nyepesi, na kabureta iliyorekebishwa kwa ajili ya Dar es Salaam hutoa petroli nyingi kupita kiasi ikifika mlimani.

Kusafisha kaboni bila kurudisha themostati ni kufagia ua huku mwembe ukiendelea kupukutisha majani. Kwa hiyo, ikibainika kwamba haipo, hiyo ndiyo kazi ya kwanza.

Sasa nije kwenye maji. Wanaoshauri njia hiyo hawakuizua tu. Ni kweli kwamba mvuke wa maji ukiingia kwenye silinda yenye moto hubandua kaboni. Tatizo ni kipimo. Injini yako ina ujazo wa cc 1,498, yaani kila silinda ina cc 374 na ushei. Kwa mbano wa karibu 10 kwa 1, nafasi inayobaki juu ya pistoni inapofika kileleni ni mililita 40 na kidogo, sawa na vijiko vitatu vya mezani. Maji hayabanwi. Mkono ukiteleza, au maji yakijikusanya kwenye mkunjo wa mpira wa hewa na kuingia yote kwa pamoja, pistoni itagota kwenye maji huku kranki, mhimili mkuu wa injini, ikiendelea kuisukuma, na kitakachopinda ni konrodi, chuma kinachounganisha pistoni na kranki. Hapo kazi ya kusafisha inageuka kuwa ovahoo. Sishauri mtu yeyote afanye hivyo, na fundi atakayesema amefanya mara nyingi bila madhara anazungumzia injini zilizosalimika.

Dizeli kwenye matundu ya plagi ni suala tofauti kidogo. Kulowesha vichwa vya pistoni kwa dawa ya kuyeyusha kaboni ni mbinu inayotumika pale ringi, yaani pete zinazoizunguka pistoni, zinapokwama kwenye mifereo yake na gari likaanza kula oili. Wewe hujaniambia kwamba gari linakula oili, na moshi wako ni mweusi, si wa bluu. Dizeli utakayomwaga itapenya kwenye ringi na kuteremka hadi kwenye sampo, bakuli la oili lililo chini ya injini, na ukiwasha gari bila kubadilisha oili, beringi za kranki zitazungukia oili iliyopoteza uzito wake. Isitoshe, mtu akisahau akafunga plagi na kupiga stata kabla hajaitoa dizeli yote, anarudi kwenye janga lilelile la maji. Achana nayo.

Anza na plagi, kwa sababu ndizo zitakazokueleza hali ya kila silinda. Injini ikiwa imepoa, ondoa waya za plagi moja moja kwa kushika kofia yake, wala si kwa kuvuta waya wenyewe. Kwenye 5A-FE plagi zimezama ndani ya visima virefu ambamo hukusanyika vumbi na mchanga, kwa hiyo puliza visima hivyo kwa upepo wa kompresa au pampu kabla ya kulegeza chochote, la sivyo mchanga huo utaangukia ndani ya silinda. Ukikuta oili kwenye kisima, sili za kava ya valvu zimechoka. Ni matengenezo madogo, hayahusiani na kaboni. Plagi yenye masizi makavu meusi, yanayofutika kwa kidole, inaonyesha petroli nyingi. Yenye weusi uliolowa na kung'aa kwa oili inaonyesha ringi au sili za valvu. Ya kahawia hafifu au ya kijivu ni nzima. Zote nne zikiwa na masizi makavu, kosa ni la injini nzima, na tunarudi kwenye themostati, sensa ya joto la maji au chujio la hewa lililoziba. Ikiwa moja tu ndiyo nyeusi, chunguza nozeli inayopulizia petroli, waya na mkandamizo (nguvu ya kubana hewa) wa silinda hiyo. Plagi za kawaida si ghali. Badala ya kuzisugua kwa msasa, nunua mpya nne za aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, zifunge kwanza kwa vidole hadi zikae, ndipo utumie spana.

Kazi itakayokurudishia sailensa kwa haraka zaidi ni kusafisha throto, yaani mlango wa hewa ya injini. Utahitaji kopo la dawa ya kupuliza ya kusafishia kabureta na throto, mswaki wa zamani, vitambaa visivyoacha nyuzi, glavu na miwani ya kukinga macho. Fanya kazi hii nje, injini ikiwa imepoa na imezimwa, mbali na jiko au sigara, maana dawa hiyo huwaka kwa urahisi kama petroli. Piga picha za mipira yote kwa simu kabla ya kufungua. Legeza klipu ya mpira mkubwa wa hewa unaotoka kwenye chujio, uuvute, nawe utaona kibamba cha mviringo kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Gari lako linatumia kebo, kwa hiyo unaweza kukifungua kibamba kwa mkono bila hofu; magari mapya zaidi, ambayo throto yake huendeshwa kwa mota ya umeme, hayapaswi kulazimishwa hivyo. Pulizia dawa kwenye kitambaa, kisha ufute ukingo wa kibamba pande zote mbili na ukuta unaogusana nacho. Utando mwembamba mweusi unaojikusanya hapo ndio unaoziba hewa kidogo inayohitajika wakati wa sailensa. Usitumie bisibisi wala msasa, kwa kuwa ukingo ukichunika hewa itapita muda wote, na sailensa itakuwa juu siku zote.

Kuna tundu dogo kwenye ukuta wa throto ambalo wengi hulisahau. Hilo ndilo linalopitisha hewa kwenda kwenye valvu ya sailensa iliyofungwa chini ya throto, na mara nyingi ndilo lililoziba zaidi kuliko kibamba chenyewe. Pulizia dawa kidogo tu, subiri ilainishe uchafu, usugue kwa mswaki na kurudia. Ukimimina nyingi kwa pamoja, uchafu huteremkia kwenye sehemu ya umeme ya valvu. Mwenye uzoefu wa spana anaweza kuishusha throto yote na kuisafishia mezani, lakini ajue kwamba mipira ya maji ya injini hupita humo na gasketi yake huenda ikahitaji kubadilishwa. Mwenye gari lenye sensa ya kupima hewa kwenye mpira huo asiipulizie dawa ya kabureta kamwe.

Ukisharudisha kila kitu, ondoa terminali hasi ya betri kwa dakika 10 ili kompyuta isahau vipimo ilivyozoea, kisha uirudishe na uwashe gari. Injini itakohoa na kutoa moshi kwa muda mfupi. Ni mabaki ya dawa. Iache ipate moto bila kukanyaga mafuta. Sailensa inapaswa kutulia kwenye mizunguko 700 hadi 800 kwa dakika, na ikipita hapo sana huku ukisikia mluzi wa hewa, kuna mpira hukuurudisha.

Kaboni iliyo ndani zaidi, kwenye nozeli, migongo ya valvu na vichwa vya pistoni, iachie dawa ya kuchanganya na petroli. Dawa hizi zimejaa madukani na nyingi hazina uzito wowote. Tafuta iliyoandikwa kwamba ina polieteramini, kwa kifupi PEA, na ufuate kipimo cha kopo bila kuongeza. Iweke ukiwa unajaza tangi, wakati una safari ndefu mbele yako. Kwenda Arusha na kurudi, kilomita 160 hivi, kunafaa kuliko juma zima la kwenda shuleni. Usiongeze mafuta ya taa kwenye petroli kwa kudhani yanasafisha, yanazidisha kugonga. Tangi likikaribia kuisha, mwaga oili na ubadilishe chujio lake, kwa kuwa sehemu ya uchafu uliobanduka imeshukia humo.

Kugonga kukishapungua, na maji ya rejeta na feni vikiwa sawa, tumia mlima tulio nao. Ukitoka Himo kupanda Marangu, weka gia kwenye 2 na uiache injini izunguke 3,000 hadi 4,000 kwa dakika chache sehemu zisizo na watu na zenye kuruhusu mwendo huo. Joto hilo huchoma masizi mepesi. Usifanye hivyo kabla ya kusafisha, wakati gari bado linagonga. Na ikiwa litaendelea kugonga hata baada ya yote haya, fundi apime taimingi, yaani wakati plagi zinapotoa cheche.

Niongeze jambo kwa wasomaji wenye Noah au RAV4 za D-4, zile zenye injini ya 1AZ-FSE. Kwenu petroli hupulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, haipiti juu ya valvu za kuingizia hewa, kwa hiyo hakuna dawa ya tangi itakayozisafisha valvu hizo. Manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, lazima ifunguliwe na valvu zisuguliwe, na hiyo si kazi ya uani.

Turudi kwako, Mwalimu. Ukinunua themostati, ijaribu kabla ya kufungwa: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, na uyapashe moto. Inapaswa kuanza kufunguka kabla maji hayajachemka na kufunga tena yakipoa. Isipofunguka, irudishe dukani. Kama gari lilikuwa linachemsha zamani, mwambie fundi apime rejeta, feni na mfuniko wa rejeta siku hiyohiyo, maana themostati huenda iliondolewa ili kuficha ubovu wa kimojawapo. Na kama moshi mweusi utaendelea baada ya tangi moja, au ukageuka wa bluu, apime mkandamizo wa silinda zote nne. Zisipishane kwa zaidi ya kilo 1 kwa sentimita ya mraba, yaani psi 14 hivi. Nitumie vipimo hivyo pamoja na picha ya plagi za zamani zikiwa zimepangwa kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza ikiwa ile iliyo upande wa mikanda.