Maswali ya Sinema: Baharia wa Nolan, Steringi Aliyekufa na Pwani Isiyoonyeshwa

Barua nyingi mara hii zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: pesa ya tikiti iende wapi? Nimezijibu zile zilizonigusa zaidi.

Mfuko wangu unaruhusu filamu moja tu kubwa ya 2026. Nisikose ipi? (Msomaji wa Tudor)

The Odyssey ya Christopher Nolan, ndugu yangu, iliyopangwa kutoka tarehe 17 Julai. Kwanza ni hadithi yenyewe. Baharia amemaliza vita vya Troy, na safari ya kurudi kwao inamla miaka 10, huku nyumbani mkewe amezingirwa na wanaume wanaomwambia mumeo keshakufa, chagua mwingine. Mji wetu huu wa Mombasa unaijua simulizi hiyo. Wazee wetu waliona majahazi yakiondoka na kusi kwenda Arabuni, na wake wakabaki wakingoja kaskazi iwarudishie watu wao, na wengine hawakurudi. Matt Damon ndiye Odysseus, na Tom Holland ni mwanawe anayekua bila baba.

Pili ni namna ilivyopigwa. Nolan ametumia kamera za IMAX za mkanda, zile za picha kubwa sana, tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo halikuwahi kufanywa kwa filamu nzima ya hadithi. Kamera hizo ni nzito na zina kelele, ndiyo maana waongozaji walikuwa wakiziweka kwa mapigano na mandhari, kisha mazungumzo ya watu wawili chumbani yakapigwa kwa kamera nyingine. Mkanda wake ni wa milimita 70, unapita mashineni kwa ulalo, na kila picha moja inachukua matundu 15. Nakala ya namna hiyo ya Oppenheimer, filamu yake ya mwaka 2023, ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 18 na uzito wa kilo 270 hivi. Kumbi zenye mashine ya kuonyesha mkanda huo ni chache mno duniani, na hapa kwetu tutaiona kwa dijitali, picha ikiwa imepunguzwa juu na chini. Hilo linaniuma, kwa sababu bahari inataka urefu wa picha kama inavyotaka upana.

Hata hivyo nenda, na nenda kwenye ukumbi mkubwa. Kaa safu za katikati. Nolan hupenda kuyazamisha mazungumzo chini ya muziki, kwa hiyo ukikosa sentensi moja mbili usiwalaumu wenye spika. Na kabla ya siku hiyo, mwombe mtu aliyesoma akusimulie kisa chote. Kina miaka zaidi ya 2,500, na kukijua mapema hakuharibu kitu.

Tony Stark alikufa kwenye Endgame, tulilia ukumbi mzima. Mbona namuona tena kwenye Avengers: Doomsday? (Kijana wa Likoni)

Uliyemuona ni Robert Downey Jr., mdogo wangu, mwigizaji yuleyule aliyekuwa Tony Stark, na safari hii yeye ndiye adui, Doctor Doom. Steringi wako wa 2019 bado amekufa.

Filamu hiyo imepangwa tarehe 18 Desemba 2026, na siku hiyohiyo imewekwa Dune: Part Three ya Denis Villeneuve. Mimi nitaanza na Dune. Sehemu mbili za kwanza, 2021 na 2024, zilitufanya tumshangilie kijana Paul akipanda kutoka utoto hadi kuwa mkombozi wa watu wa jangwani. Lakini kitabu cha pili cha Frank Herbert, mwandishi wa hadithi hiyo, kilichotoka 1969, kinaonyesha vita vilivyopiganwa kwa jina la Paul vimeua watu kiasi gani. Sehemu ya tatu inatoka humo. Kumgeukia steringi wako mbele ya watu waliomshangilia kunataka moyo, na mwongozaji anayethubutu hivyo nampa pesa yangu kwanza.

Nina watoto wawili, wa miaka 6 na 10. Likizo niwapeleke kuona nini, na nitajuaje haina mambo mabaya? (Mama wa Bamburi)

Mama, anza na alama ya bodi ya kuainisha filamu iliyo kwenye bango. GE ni ya watu wote, PG inakutaka wewe mzazi ukae karibu, 16 na 18 ni umri wa chini kabisa wa kuingia. Usikubali kuambiwa "ni katuni tu".

Toy Story 5 imetangazwa kwa tarehe 19 Juni 2026. Ile ya kwanza, ya 1995, ndiyo filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, na mfululizo huo umewaheshimu watoto tangu hapo. Lakini huyo wa miaka 10 umtafutie pia Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018. Ni ya Kenya. Binti mgonjwa, ambaye hatapona, anataka kuwa shujaa wa filamu, na kijiji kizima kinaamua kumpa filamu yake. Utalia kabla yake. Mshike mkono.

Mwanangu, sisi tumekulia Naaz na Regal tukiangalia Kihindi. Nasikia Ramayana inakuja. Je, itafikia zile za zamani? (Mzee wa Mji wa Kale)

Shikamoo mzee wangu. Kisa hicho cha kale cha Kihindi kinakuja kwa sehemu mbili, Diwali ya 2026 na Diwali ya 2027. Anaongoza Nitesh Tiwari, aliyetupa Dangal mwaka 2016. Ranbir Kapoor ni Ram, Sai Pallavi ni Sita mkewe, na Yash ni Ravana, adui wao.

Tiwari namwamini kwa sababu katika Dangal alimwacha baba mkali abaki mkali, hakumlainisha ili tumpende. Ninachohofia ni picha za kompyuta. Zikizidi, sura ya mwigizaji inapotea, na filamu za Kihindi tulizipenda kwa sura na sauti. Kwa upande wa muziki nina matumaini makubwa, maana A. R. Rahman anaufanya pamoja na Hans Zimmer. Wewe unajua kuliko mimi nyimbo za sinema zilivyoingia katika mji huu. Marehemu Juma Bhalo, mwimbaji wa taarabu, aliimba mashairi ya Kimvita kwa mahadhi ya filamu za Kihindi, na harusi zetu zikayachukua yakawa yetu. Nitakaa nikisikiliza kama humo kuna wimbo ambao mtu atatoka nao mlangoni akiuimba bila kujua maana ya hata neno moja.

Kwa nini nilipe ukumbini Nyali wakati mtaani napata kwenye flashi, tena imeshatafsiriwa? (Msomaji wa Kongowea)

Watafsiri nawapenda kwa dhati. DJ Afro hapa Kenya na Lufufu kule Dar es Salaam walifanya kazi ya mtambaji hadithi, wakiisimulia filamu kwa Kiswahili inapoonyeshwa, na watu wengi walijua sinema kwa sauti zao. Lakini filamu iliyotafsiriwa hivyo ni onyesho la msimulizi. Ione kwanza ilivyotengenezwa, kisha ufurahie masimulizi. Nakala iliyoibwa kwa simu ndani ya ukumbi, yenye vichwa vya watu vinavyopita, hiyo iache kabisa. Haina rangi, haina sauti, na aliyefanya kazi hapati kitu.

Naandika mswada wa filamu ya hapa Mombasa. Mbona filamu za Pwani ni ufuo, majini na binti anayeozwa kwa nguvu? Kuna njia nyingine? (Mwanafunzi wa Mtwapa)

Barua yako nimeisoma mara nyingi, dada. Ndiyo, iko, na tayari kuna waliotangulia kuionyesha. Subira ya Ravneet Chadha, ya 2018, ina ndoa ya kulazimishwa ndani yake, lakini moyo wake ni msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini, kitu anachokatazwa ilhali maji yako mlangoni. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, iliipiga Zanzibar ya miaka ya 1950 ikiwa na vyumba vya giza, karatasi za siasa na mapenzi ya watu wenye hofu. Ilifika tamasha la Toronto, na Tanzania ikaipeleka Oscar. Ufuo wa kitalii sikuutamani hata dakika moja.

Sasa tazama tulivyonavyo na havijaguswa. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na kuua watu zaidi ya 270, na karibu kila mtaa wa kusini una nyumba inayoikumbuka. Mwaka 2019 lilitoka agizo la makontena yapelekwe Nairobi kwa reli mpya. Madereva na wenye magodauni wakakosa kazi, watu wakaandamana, na 2022 agizo likageuzwa. Hapo pana baba, pana deni, pana lori lililosimama uani. Unataka jini wa nini?

Shida ya filamu zetu iko pia kwenye ukumbi. Ukumbi huangalia mauzo ya siku tatu za kwanza, kisha unaamua filamu ibaki na saa ya jioni, isogezwe mchana wakati watu wako kazini, au iondolewe. Hollywood ina matangazo ya kuwajaza watu Ijumaa. Filamu ya kwetu hungoja sifa za mdomo, na sifa hufika ikiwa imeshaondoka. Kwa hiyo usingoje filamu iishe kupigwa ndipo uanze kuitangaza. Wapelekee habari mapema wale unaowaandika: madereva, mabaharia, kina mama wa Likoni. Hao ndio watakaojaza viti Ijumaa.

Na wahusika wako waseme Kimvita kama wanavyosema majumbani. Mtayarishaji akikutaka ukisafishe ili Nairobi waelewe, mwambie aweke manukuu chini ya picha.